UZI: Oksijeni moja kwenye sukari ya RNA, na kwa nini jani la michirizi linaoza wakati la batobato linavumilia

Kaboni_ya_Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila msimu swali linarudi: sampuli za muhogo zimechukuliwa siku moja, zimefungwa mfuko mmoja, zimefika maabara pamoja. Za batobato zinasoma vizuri kwenye PCR (kipimo kinachonakili DNA mara nyingi hadi ionekane), za michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa muhogo, hazitoi kitu. Lawama zinaenda kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili), kwa mashine, kwa fundi. Mara nyingi kosa liko kwenye kemia, tena kwenye atomu moja tu.

Batobato inaletwa na virusi vyenye DNA: vipande viwili vya duara, vya uzi mmoja, kila kipande nyukliotidi 2,700 hadi 2,800 hivi. Michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Tanganyika, inaletwa na virusi vya RNA: uzi mmoja mnyoofu wa nyukliotidi karibu 9,000. (Ndiyo, tunazungumzia nyuzi ndani ya uzi, mtavumilia.)

Nyukliotidi ina sehemu tatu. Kuna besi: adenini na guanini zenye pete mbili, sitosini, thaimini na urasili zenye pete moja. Kuna sukari ya kaboni tano. Na kuna fosfeti. Besi inakaa kwenye kaboni ya 1 ya sukari, fosfeti inakaa kwenye kaboni ya 5. Ukiondoa fosfeti, kinachobaki kinaitwa nyukliosidi, si nyukliotidi. Ukiagiza kemikali kwa kuchanganya majina hayo mawili utaletewa kitu ambacho kimeng'enya chako hakikitumii.

Mnyororo unafungwa hivi: fosfeti ya kaboni ya 5 inashika oksijeni ya kaboni ya 3 ya nyukliotidi jirani. Kwa hiyo kila fosfeti ya katikati ina mikono miwili iliyoshika sukari mbili, na inabakiwa na chaji moja hasi. Uzi wote ni hasi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana DNA hukimbilia ncha chanya kwenye jeli, na ndiyo maana chumvi ina kazi kubwa katika kila hatua.

Sasa kaboni ya 2. Kwenye DNA ina haidrojeni tupu. Kwenye RNA ina OH. Hiyo oksijeni moja inakaa jirani kabisa na fosfeti iliyofungwa kaboni ya 3. Mazingira yakiwa ya alkali, OH inapoteza haidrojeni yake, oksijeni inabaki na chaji hasi na inaishambulia fosforasi ya pembeni. Mnyororo unakatika, fosfeti inajifunga kwa muda kama pete kati ya kaboni ya 2 na ya 3, kisha maji yanaifungua pete upande wowote. Ndiyo sababu RNA iliyokatwa na alkali hutoa mchanganyiko wa nyukliotidi zenye fosfeti kwenye kaboni ya 2 na zenye fosfeti kwenye kaboni ya 3.

DNA haina silaha hiyo ya kujikata. Weka zote mbili kwenye NaOH ya 0.3 M, nyuzi joto 37, usiku mzima: RNA itakuwa nyukliotidi mojamoja, DNA itakuwa imeachana nyuzi zake tu lakini minyororo ipo. Maabara zinaitumia tabia hii kwa makusudi: NaOH ya 0.1 M kwa nyuzi joto 65 hadi 70, dakika 10 hadi 15, inafuta RNA baada ya kutengeneza cDNA (nakala ya DNA inayotokana na RNA).

Karibuni tuchambue.

---

Msomi_wa_Nachingwea

Mkuu somo zuri. Lakini umefanya DNA ionekane kama chuma. Kwani yenyewe haiozi?

---

Kaboni_ya_Pili

Inaoza, ila kwa mlango mwingine. Hapa ndipo watu wengi hawafiki.

DNA inaogopa asidi. Asidi inaipa haidrojeni besi ya adenini au guanini, besi inakuwa rahisi kuondoka, kiungo kati yake na kaboni ya 1 kinaachia. Linabaki shimo: sukari ipo, fosfeti ipo, besi hakuna. Sukari isiyo na besi inajifungua kuwa aldehaidi, na ukiileta kwenye joto au alkali mnyororo unakatika hapo hapo. Hata bila asidi, ndani ya seli ya binadamu hupotea kama adenini na guanini 10,000 kwa siku, na zinarekebishwa. Tomas Lindahl ndiye aliyepima mambo haya, akapata Nobeli ya kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar.

Sasa utamu: RNA inavumilia asidi kuliko DNA. Oksijeni ile ile ya kaboni ya 2 inavuta elektroni kuelekea kwake, hivyo sukari haikubali kirahisi kubaki na chaji chanya besi inapotaka kuondoka. Oksijeni moja inafanya kazi mbili zinazopingana: inaidhoofisha minyororo, inaimarisha besi.

Kwa hiyo DNA ihifadhi kwenye TE, bafa (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 8.0 (Tris 10 mM, EDTA 1 mM). RNA ikae pH 6 hadi 6.5, sitreti ya sodiamu 1 mM inatosha. Ukiweka RNA kwenye bafa ya pH 8.5 yenye magnesiamu ukaipasha moto kwa nyuzi 94, dakika chache tu inakuwa vipande. Wanaotayarisha RNA kwa ajili ya kusoma mfuatano hufanya hivyo kwa kukusudia. Wengine hufanya bila kujua.

---

Pipeti_200

Naongezea upande wa urasili maana wanafunzi huuliza kwa nini DNA itumie thaimini, wakati tofauti yake na urasili ni methili moja tu.

Sitosini ikikutana na maji hupoteza kundi lake la amino na kugeuka urasili. Hutokea mara 100 hivi kwa siku katika seli ya binadamu. Kama DNA ingetumia urasili kama herufi ya kawaida, mrekebishaji asingejua urasili upi ni halali na upi ni sitosini iliyoharibika. Kwa kuwa thaimini ina methili, urasili wowote ndani ya DNA ni mgeni, unang'olewa. RNA haiishi muda mrefu, gharama hiyo haina maana kwake.

Na adenini nayo hupoteza amino, inakuwa haipozanthini, na ATP, nyukliotidi ya adenini, inakuwa ITP. Virusi vya michirizi vina jeni ya protini ya jamii ya Ham1, ambayo kazi yake ni kuzivunja nyukliotidi za aina ya ITP. Virusi vya RNA kubeba mfagio wa namna hiyo si jambo la kawaida.

---

Jani_Bichi

Twende kwenye mikono sasa. Mnaopima DNA ya batobato, utaratibu wa CTAB (kutoa DNA kwenye jani kwa sabuni ya maabara) mnaufanyaje? Wangu unatoa uteute kama bamia.

---

Chumvi_na_Fosfeti

Mkuu, bamia hiyo ni wanga na sukari ndefu za muhogo. Nakuwekea vipimo, kisha nikuonyeshe unapokosea.

Bafa: CTAB 2%, NaCl 1.4 M, Tris 100 mM ya pH 8.0, EDTA 20 mM, PVP 2%. Merkaptoetanoli 0.2% weka siku ya kazi tu, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, usiweke kwenye chupa ya akiba.

Jani bichi miligramu 100, au kavu miligramu 20 hadi 30. Kwa batobato chukua jani changa la juu lenye dalili. Kwa michirizi chukua la chini lililokomaa, dalili zake ziko huko. Ukichukua jani la juu kwa mazoea ya batobato utakosa virusi kwenye mmea unaoumwa. Saga hadi liwe laini kabisa, weka bafa maikrolita 800 iliyokwisha pashwa moto, nyuzi 65 kwa dakika 30, pindua mrija kila dakika 10. Usitikise kwa nguvu, nyuzi ndefu zitakatika.

Acha ipoe. Ongeza klorofomu na pombe ya isoamili (24:1), ujazo sawa. Changanya hadi iwe kama maziwa. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 12,000 g (mara 12,000 ya mvutano wa dunia) dakika 10. Tabaka la juu ndilo lako, la katikati jeupe liache hata kama inakuuma kupoteza maikrolita 100. Anayefuata mpaka ukingoni ndiye anayerudi hapa kulalamika kuhusu PCR.

Isopropanoli 0.6 hadi 0.7 ya ujazo, pindua taratibu, dakika 10, zungusha tena dakika 10. Osha kwa etanoli 70%, mwaga, kausha kwa hewa dakika 10 hadi 15. Ukikausha kupita kiasi haitayeyuka. Yeyusha kwa TE maikrolita 50 hadi 100.

Sasa bamia yako. CTAB ni sabuni yenye chaji chanya. NaCl ikiwa juu ya 0.7 M hivi, DNA inabaki kwenye maji huku CTAB ikishikana na protini na sukari ndefu, zinaondoka na klorofomu. Chumvi ikishuka chini ya hapo, CTAB inaishika DNA yenyewe na kuitupa. Kwa hiyo ukiweka jani bichi lenye maji mengi, au ukitumia jani gramu nzima kwenye bafa kidogo, umezimua chumvi na umezidisha wanga kwa pamoja. Punguza jani. Na kabla ya isopropanoli, ongeza NaCl ya 5 M nusu ya ujazo: chumvi nyingi inazizuia sukari nyingi zisidondoke pamoja na DNA.

Rangi ya kahawia ni habari nyingine: polifenoli zilizookisidishwa zinashikana na DNA. Hapo dawa ni PVP na merkaptoetanoli iliyo mpya. Ikishabadilika rangi hakuna kuosha kutakakoiondoa.

---

Jani_Bichi

Ahsante sana mkuu. Nilikuwa natumia gramu 0.5 kwa maikrolita 600. Nimeelewa.

Nyingine: nikipima usafi kwa mwanga (uwiano wa unaomezwa kwenye nanomita 260 na 280) napata 260/280 ni 1.9, safi, lakini 260/230 ni 0.7 na PCR inagoma. Nafuata ipi?

---

Pipeti_200

Fuata zote, na usiiamini hata moja peke yake.

Besi ndizo zinazomeza mwanga wa nanomita 260, kwa sababu ya pete zake. Kipimo cha 1.0 kwenye njia ya sentimita 1 maana yake ni mikrogramu 50 kwa mililita za DNA ya nyuzi mbili, 40 za RNA, 33 hivi za DNA ya uzi mmoja. Mfano: umezimua mara 20, mashine inasema 0.25. Basi 0.25 × 50 × 20 = 250 mikrogramu kwa mililita, yaani nanogramu 250 kwa maikrolita.

Protini humeza 280. DNA safi hutoa 1.8 hivi, RNA 2.0 hivi. Hiyo 1.9 yako kwa CTAB isiyopitia RNase (kimeng'enya kinachokata RNA) inaniambia kitu kimoja: nusu ya unachokiita DNA inaweza kuwa RNA. Mashine haitofautishi. Weka RNase A ndipo upime, au endesha jeli ya agarozi 1% uone wingu la chini.

230 ndiko wanakoonekana sukari ndefu, guanidini, EDTA na mabaki ya fenoli. DNA safi huwa 2.0 hadi 2.2. Kwa 0.7 unabeba wanga, na wanga huo huo ndio unaokaba polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA kwenye PCR. Jaribio la haraka: zimua sampuli mara 10 na mara 50, rudia PCR. Ikifanya kazi ilipozimuliwa, una kizuizi, si upungufu wa DNA.

Na onyo dogo: ukipima kwa maji yaliyokaa wazi yakanywa hewa ya kaboni, pH inashuka na 260/280 inashuka 0.2 hadi 0.3 bila protini yoyote kuwepo. Pima kwa TE ile ile uliyoyeyushia, na hiyo hiyo iwe sifuri ya mashine.

---

Biolojia_Kidato6

Samahani wakuu, mimi nafundisha sekondari. Tunafanya jaribio la ndizi na sabuni ya vyombo. Je, naweza kutumia Konyagi badala ya etanoli?

---

Chumvi_na_Fosfeti

Mwalimu, Konyagi ni 35% tu. Haitoshi.

Pombe inafanya kazi kwa kupunguza uwezo wa maji kutenganisha chaji. Sodiamu ya chumvi ikishaweza kuikumbatia fosfeti kwa karibu, DNA inapoteza sababu ya kukaa majini. Kwa etanoli unataka mchanganyiko wa mwisho ufike 65 hadi 70%, ndiyo maana maabara hutumia ujazo 2 hadi 2.5 wa etanoli ya 95% na kuendelea. Konyagi hata uimimine ndoo, mchanganyiko hautavuka 35%. Isopropanoli ya 70% ya duka la dawa inafaa zaidi, maana yenyewe inadondosha DNA ikiwa karibu nusu ya mchanganyiko.

Vipimo vya darasani: maji mililita 90, sabuni ya maji mililita 10, chumvi kijiko cha chai kimoja cha juu. Ponda ndizi nusu ndani yake, usitumie blenda kwa zaidi ya sekunde 10. Dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 60, kisha kwenye barafu. Chuja kwa kitambaa. Matone machache ya maji ya nanasi bichi yanasaidia kuvunja protini. Ya kopo yamepikwa, kimeng'enya kimekufa. Mimina isopropanoli baridi taratibu ukutani mwa glasi, ikae juu.

Lakini waambie wanafunzi ukweli: ule uteute mweupe si DNA tupu. Kwenye ndizi mwingi wake ni pektini. Kitunguu kina nafuu.

---

Msomi_wa_Nachingwea

Swali la mtihani: nyuzi mbili zinashikwa na vifungo vya haidrojeni, A na T viwili, G na C vitatu. Sasa kwa nini maji, ambayo nayo yanatengeneza vifungo vya haidrojeni, hayazitenganishi?

---

Kaboni_ya_Pili

Swali la maana. Besi zikiachana zinapata vifungo vya haidrojeni na maji, kwa hiyo faida ya vile vifungo viwili au vitatu ni ndogo kuliko vitabu vinavyoonyesha. Kinachoshikilia zaidi ni kulaliana: pete bapa za besi zinapangana kama chapati kwenye sahani, umbali wa nanomita 0.34 kutoka moja hadi nyingine, jozi 10.5 hivi kwa mzunguko mmoja, upana wa nanomita 2. Kazi kubwa ya vifungo vya haidrojeni ni kuchagua mwenzi sahihi. Asiyelingana anapoteza kifungo na maji halafu hapati kingine.

Kinachozitenganisha ni fosfeti, hasi na hasi zikisukumana. Ndiyo maana DNA fupi kwenye maji matupu huachana hata bila moto mkali, ukiongeza NaCl inatulia. Kwa praima fupi za chini ya herufi 14 hivi, kadiria joto la kuachana kuwa nyuzi joto 2 kwa kila A au T na 4 kwa kila G au C. Kwa ndefu zaidi kanuni hiyo inadanganya, tumia kikokotoo kinachohesabu jirani na jirani pamoja na chumvi yako halisi.

Na hapa tena kaboni ya 2 inajitokeza. OH yake inailazimisha sukari ikunjwe namna nyingine, hivyo RNA ya nyuzi mbili ni nene na fupi zaidi, jozi 11 kwa mzunguko. Haiwezi kukaa kwa umbo la DNA hata ikitaka.

---

Glavu_Mbili

Mmesahau adui mkubwa wa RNA: RNase. Alkali ni mtoto mdogo.

RNase A inatumia hila ile ile aliyoeleza mwanzisha uzi, inailazimisha OH ya kaboni ya 2 ishambulie fosfeti. Histidini mbili, namba 12 na 119, zinapokea na kutoa haidrojeni. Haihitaji madini yoyote. Kwa hiyo EDTA, inayoizima DNase kwa kuinyang'anya magnesiamu, haiigusi RNase A. Imefungwa kwa vifungo vinne vya salfa, unaichemsha, ikipoa inajikunja upya na kuendelea na kazi. Otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) ya nyuzi joto 121 si ya kutegemea. Vyombo vya kioo vichome kwa nyuzi 180 kwa saa 8 hadi usiku mzima.

Maji: DEPC (kemikali inayoiua RNase) 0.1%, usiku mzima, kisha otoklevu ili DEPC yenyewe ivunjike. Msiweke DEPC kwenye Tris. Inashikana na amino ya Tris, inaisha, na RNase inabaki. Tris tengeneza kwa maji yaliyokwisha kutibiwa.

Kwenye jani, guanidini thayosayaneti ya 4 M inaikunjua protini papo hapo. Na fenoli ikiwa na asidi (pH 4 hadi 5), DNA inazama kwenye fenoli na tabaka la kati, RNA inabaki juu. Fenoli ya pH 8 inaziacha zote mbili juu. Chupa hizi mbili zikibadilishana rafu, wiki nzima ya kazi imekwenda. Na mabaki ya guanidini msiyamwagie Jiki kamwe, hutoa gesi za sumu.

---

Jani_Bichi

Kwa hiyo jani la michirizi bila naitrojeni ya kimiminika ya kuligandisha ni kupoteza muda?

---

Glavu_Mbili

Hapana, na hapa napingana kidogo na kichwa cha uzi. Kinachoua ni mfuko wa nailoni. Jani linatoa jasho, seli zinapasuka, RNase inakutana na RNA kwenye joto. Jani lililobanwa kwenye gazeti siku hiyo hiyo, gazeti likabadilishwa kila siku hadi jani livunjike kama karatasi, linatoa majibu mazuri ya RT-PCR (PCR inayoanza kwa kugeuza RNA kuwa cDNA). Bila maji kimeng'enya hakitembei.

RNA yake haitakuwa nzima, hilo kubalini. Chagueni praima za kipande kifupi, herufi 200 hadi 350. Uzi wa 9,000 ukiwa umekatika sehemu 10, kipande cha 300 bado kitapatikana kwenye nakala nyingi. Cha 3,000 hakipo. Anayetaka kusoma jenomu nzima ndiye atafute naitrojeni.

---

Kaboni_ya_Pili

Nakubali, mkuu. Kosa ni la mfuko.

---

Biolojia_Kidato6

La mwisho: EDTA ya 0.5 M haiyeyuki, nimekoroga saa nzima.

---

Pipeti_200

Haitayeyuka hadi pH ikaribie 8. Gramu 186.1 za chumvi yake yenye sodiamu mbili na maji mawili, maji mililita 800, koroga huku ukiongeza vidonge vya NaOH, vitakula kama gramu 20. Ongeza vichache vichache, inapata moto. Itakaa nyeupe kama maziwa, halafu ghafla inakuwa angavu. Jazia hadi lita moja.